Mkandarasi asiyehesabu kila kazi peke yake humfilisi anayemkopesha

Kila duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na mpaka, iwe Mutukula, Namanga, Busia au Rusumo, lina daftari la madeni chini ya kaunta. Ndani yake halikosekani jina la mkandarasi mdogo aliyechukua nondo, mabati au saruji kwa ahadi ya kulipa cheti cha malipo kikitoka. Cheti hutoka, mkandarasi hulipwa, na bado jina lake linabaki daftarini.

Mwenye duka humwita tapeli. Mara nyingi anamwonea. Mkandarasi huyo ni mtu aliyepoteza fedha na hajui amezipotezea wapi, kwa kuwa hajawahi kuhesabu kazi moja ikasimama peke yake. Fedha za kazi zote huingia fuko moja na kutoka fuko hilo hilo. Siku fuko likikauka, wa kwanza kukosa ni yule aliye mbali, upande wa pili wa mpaka, asiyeweza kwenda kugonga mlango kila asubuhi.

Dawa ya ugonjwa huu haikugunduliwa jana. Ni kuandika gharama za kila kazi kwa kazi yake: vifaa vyake, vibarua wake, usafiri wake, na malipo yake. Leo zipo programu za kompyuta na za simu zinazorahisisha shughuli hiyo. Wakandarasi wadogo wengi wanaziona kama anasa ya kampuni kubwa, na wafanyabiashara wa mpakani wanaona ni mambo ya ndani ya mteja. Wote wawili wanakosea, na hasara wanaila pamoja.

Fuko moja, kazi tatu

Chukua mfano wa mkandarasi mdogo mkoani Kagera mwenye kazi tatu kwa mwaka. Anajenga nyumba ya mtu binafsi kwa shilingi milioni 80 za Tanzania, fremu za maduka kwa milioni 45, na madarasa mawili kwa milioni 60. Jumla ni milioni 185. Mwisho wa mwaka anakusanya risiti zake zote katika boksi, anajumlisha, anakuta ametumia milioni 176. Faida ni milioni 9. Anashukuru Mungu na kwenda kuomba kazi nyingine.

Sasa mhasibu anayejua kazi yake azigawe risiti hizo kwa kila kazi. Nyumba ilitumia milioni 68, ikaleta faida ya milioni 12. Fremu zilitumia milioni 39, zikaleta milioni 6. Madarasa yalitumia milioni 69 kwa mkataba wa milioni 60. Yalikula hasara ya milioni 9, na hasara hiyo ililipwa kimyakimya na nyumba pamoja na fremu.

Hesabu ya jumla ni ile ile, milioni 9. Lakini maana yake imegeuka kabisa. Mkandarasi wa boksi la risiti anaamini madarasa yanalipa, tena ni kazi za serikali zenye heshima. Mwaka unaofuata anaomba kazi mbili za madarasa kwa bei ile ile na kuacha nyumba za watu binafsi kwa sababu wenye nyumba wana maneno mengi. Amejichagulia hasara ya milioni 18 na kuiacha kazi iliyokuwa ikimlisha.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Masaka au Kampala aliyemkopesha nondo anapoingia matatani. Malipo ya awali ya kazi mpya yanatumika kumalizia kazi ya zamani. Ni kuchimba shimo kufukia shimo, na shimo la mwisho huwa na jina la muuzaji.

Bei ya dukani si bei ya saiti

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa wanaonunua ng'ambo ya mpaka. Mkandarasi husikia kwamba nondo upande wa pili ni nafuu, akapanda gari. Chukua mfano tena: nondo tani nne, kila tani nafuu kwa shilingi 200,000 kuliko Bukoba. Ameokoa 800,000, na furaha yake ni halali.

Kisha mzigo unaanza safari. Gari la kukodi ni 450,000. Wakala wa forodha na karatasi ni 150,000, maana mzigo wa ukubwa huo huvuka kirahisi kiwango cha dola 2,000 za Marekani cha utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo. Karatasi moja ina kasoro, gari linalala mpakani siku mbili, na mwenye gari anadai 200,000 za kulaza. Saiti, vibarua 10 wamekaa siku hizo mbili wakisubiri nondo, na kila mmoja analipwa 15,000 kwa siku. Hizo ni 300,000.

Jumla ni 1,100,000. Nondo ya nafuu imemgharimu 300,000 zaidi ya ile ya Bukoba, kabla hata ya kugusa kodi. Lakini katika boksi la risiti, nondo imeandikwa kwa bei ya dukani. Usafiri umo katika risiti za mafuta na magari, wakala yuko katika matumizi mengineyo, na siku mbili za vibarua zimepotea ndani ya mishahara. Hakuna mahali hata pamoja panaposema kwamba nondo ile ilikuwa ghali. Kwa hiyo mwezi ujao atapanda gari tena.

Mfano huu hausemi kwamba kununua ng'ambo ni vibaya. Mzigo ule ule ukipita bila kulala, ukichukuliwa kwa wakati na gari likijaa, unaweza kuleta faida nzuri. Unachosema ni kwamba bila kuhesabu kwa kila kazi, mnunuzi hajui siku ipi soko la Afrika Mashariki limemnufaisha na siku ipi limemtia hasara. Asiyejua hilo hatadumu kuwa mteja wa mpakani. Ataumia mara mbili tatu, kisha ataanza kusema kwamba Jumuiya haina faida.

Programu inafanya nini hasa

Programu za uhasibu wa kazi si za ajabu. Kila kazi hupewa namba au jina lake. Ndani ya kazi huwekwa mafungu: vifaa, vibarua, usafiri na mitambo, mafundi wa mkataba mdogo kama wa umeme na mabomba, na sehemu ya gharama za ofisi. Kabla ya jembe la kwanza kupiga udongo, makadirio ya kila fungu huingizwa kutoka kwenye mchanganuo wa gharama ulioombewa kazi. Kuanzia hapo, kila risiti haiingii mpaka itaje kazi na fungu lake.

Faida yake huonekana katikati ya kazi, wakati bado kuna la kufanya. Msingi ukiwa umekamilika na fungu la saruji limetumika kwa nusu wakati makadirio yalisema robo, mkandarasi anajua wiki hiyo hiyo. Anaweza kuuliza kama mchanganyo wa zege umeharibika, kama mifuko inaondoka usiku, au kama makadirio yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Boksi la risiti humwambia habari hiyo mabati yakiwa tayari yameshapigiliwa.

Jambo la pili ni madeni yaliyokwisha kuahidiwa. Mkandarasi akiagiza vigae kutoka Kampala vya milioni 5, fedha bado ziko benki na anajiona tajiri. Programu nzuri huziweka kando siku oda inapotolewa, ili asije akazitumia kulipa karo ya watoto au kununua pikipiki. Kwa muuzaji, hili pekee lingetosha kumfanya aipende programu kuliko mkandarasi mwenyewe.

La tatu ni fedha zinazozuiwa. Katika kazi nyingi, hasa za umma, mwenye kazi hukata asilimia fulani ya kila malipo na kuishikilia mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe, ambacho mara nyingi hufika mwaka. Mkandarasi anayeandika cheti chote kama fedha iliyoingia anajidanganya. Faida yake yote ya kazi inaweza kuwa imo ndani ya kile kilichozuiwa.

La nne ni sarafu. Deni la shilingi milioni 7 za Uganda, likichukuliwa wakati shilingi moja ya Uganda ni senti 70 za Tanzania, ni sawa na milioni 4.9. Likilipwa miezi miwili baadaye kwa senti 74, ni milioni 5.18. Hizo 280,000 hazikuibwa na mtu. Zimeliwa na kuchelewa, na zinatakiwa ziandikwe kwenye kazi iliyochelewesha malipo. Daftari la kawaida halina safu ya kuonyesha hilo.

Sababu za kukataa, na uzito wake

Wakandarasi wana hoja zao, na baadhi ni za kweli. Hoja ya kwanza ni gharama. Programu zinazojulikana, kama QuickBooks na Tally, zina sehemu ya kutenganisha gharama kwa kazi, lakini hulipiwa, na mwenye kazi mbili kwa mwaka huona mzigo. Jibu ni kwamba hatua ya kwanza haihitaji kununua chochote. Jedwali la Excel lenye ukurasa mmoja kwa kila kazi linatosha kwa mwaka wa kwanza. Hata madaftari matatu yenye majalada ya rangi tatu yanafaa. Asiyeweza kutenganisha kazi kwenye daftari hatasaidiwa na kompyuta. Atapata vurugu ile ile, safari hii ikiwa imechapwa vizuri.

Hoja ya pili ni watu. Mkandarasi yuko saiti tangu alfajiri, nyapara anajua kusoma ramani lakini hana muda wa kuandika, na mtunza stoo hubadilika kila kazi. Hapa ndipo programu nyingi hufa. Hununuliwa kwa shauku, huingizwa risiti mwezi mmoja, kisha huachwa. Tiba yake ni nidhamu ndogo isiyovunjwa: nyapara apige picha ya risiti kwa simu na kuandika jina la kazi juu yake kabla haijaingia mfukoni, na mtu mmoja aziingize zote kila Jumamosi kabla ya kulipa vibarua. Atakayelipwa Jumamosi atahakikisha Jumamosi haipiti.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti. Wengi wanaogopa kwamba hesabu safi ni chambo cha mtoza kodi. Hofu hiyo ina mizizi, lakini imepitwa na wakati. Tanzania ina mashine za EFD, Kenya ina mfumo wa eTIMS, Uganda ina EFRIS, na Rwanda ina EBM. Mauzo yanazidi kuonekana na mamlaka za mapato kupitia risiti zenyewe. Kinachobaki gizani ni gharama, na gharama zisizo na kumbukumbu hazikatwi kwenye faida. Mkandarasi asiye na hesabu anaweza kujikuta akidaiwa kodi ya faida ambayo hakuipata, huku yale madarasa ya hasara ya milioni 9 hana karatasi ya kuyathibitisha. Aliyedhani anajificha kumbe amejianika.

Muuzaji naye ana kazi ya kufanya

Ni rahisi kumalizia lawama kwa mkandarasi na kumwacha mfanyabiashara wa mpakani akitikisa kichwa. Lakini muuzaji naye huchangia vurugu. Hutoa ankara moja yenye nondo, rangi na misumari vya kazi tatu tofauti. Huandika "vifaa vya ujenzi" na jumla yake. Huongeza usafiri ndani ya bei ili usionekane. Mteja anayetaka kuhesabu vizuri hawezi hata akitaka.

Muuzaji anaweza kubadilisha mambo kwa swali moja kaunta: mzigo huu ni wa kazi ipi? Jina la kazi likiandikwa kwenye ankara, na ankara ikitengwa kwa kila kazi, deni nalo linapata anwani. Cheti cha madarasa kikitoka, muuzaji anajua kwamba nondo zake zimo ndani ya cheti hicho, na anaweza kudai kwa jina. Mkandarasi anayeweza kumwonyesha muuzaji ukurasa wa kazi, wenye makadirio, kilichotumika na kilichobaki kulipwa, anastahili mkopo mrefu zaidi na bei nzuri zaidi. Asiyeweza, alipe taslimu. Hicho ni kipimo cha haki kuliko kuangalia gari analoendesha.

Tena mfanyabiashara mwenyewe angefanya vyema kujihesabia hivyo hivyo. Kila safari ya mzigo ni kazi inayosimama peke yake: bei ya kununua, gari, wakala, ushuru, kulala mpakani, kuvunjika kwa vigae, na hasara ya kubadilisha fedha. Wengi hujumlisha safari za mwezi mzima na kuridhika kwamba mtaji haujapungua. Ndani ya jumla hiyo inaweza kujificha bidhaa moja inayokula faida ya nyingine tatu.

Serikali zisibaki watazamaji

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja mwaka 2010, na Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014. Vituo vya huduma kwa pamoja vimejengwa mipakani ili gari lisimame mara moja badala ya mbili. Hayo yote yamefupisha njia ya lori. Njia ya ankara bado ni ndefu.

Risiti ya EFRIS iliyotolewa Kampala ina mpangilio wake, ya EFD ya Tanzania ina wake, na ya eTIMS ya Kenya ina wake. VAT ya kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda na Rwanda. Mkandarasi mdogo anayenunua nchi mbili anaingiza kila kitu kwa mkono, na kila kinachoingizwa kwa mkono kinaweza kukosewa. Mamlaka za mapato zinazobadilishana taarifa za forodha zinaweza pia kukubaliana mpangilio mmoja wa msingi wa ankara, ambao programu ya nchi yoyote itausoma: muuzaji, bidhaa, kiasi, sarafu, kodi, na nafasi ya jina la kazi.

La mwisho ni lugha. Mkataba wa Jumuiya unataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Lakini nyapara wa Kyaka akifungua programu nyingi za uhasibu anakutana na Kiingereza cha chuo. Wabunifu wa programu wa Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam wana soko hapa lisilo na mwenyewe: programu nyepesi inayofanya kazi hata mtandao ukikatika, inayojua sarafu za eneo hili, na inayosema nondo, lenta, jamvi na kibarua. Bodi zinazosajili wakandarasi zingeweza kuianzisha katika mafunzo yao, kwa sababu mkandarasi anayefilisika katikati ya kazi huacha jengo bila paa na watoto bila darasa.

Wauza maduka wengi wameupamba ukuta kwa msemo wa zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo bado ni kweli, ila umeongezewa sharti. Kwa mwenye kazi tatu, daftari moja halitoshi, kwa kuwa mali yake inaweza kupotea ikiwa imeandikwa yote. Wiki hii, kabla ya kushusha mzigo mwingine kwa mkopo, muuzaji aulize jina la kazi na aliandike juu ya ankara. Mkandarasi akisita kulijibu swali hilo, muuzaji naye asite kushusha nondo.